Shule ya Moton: watoto walishinda kesi, kisha wakafungiwa milango

Muulize mwanafunzi yeyote wa sheria pale Mlimani habari za kesi ya Brown dhidi ya Bodi ya Elimu. Atakujibu haraka haraka: Topeka, jimbo la Kansas, mwaka 1954, Mahakama ya Juu ya Marekani yapiga marufuku kutenganisha watoto shuleni kwa sababu ya rangi zao. Safi kabisa, alama zote anachukua.

Sasa mtajie Farmville. Kama umri wake unaruhusu, atakumbuka ule mchezo wa kwenye Facebook wa kulima na kuvuna, ambao wenyewe waliufunga mwishoni mwa mwaka 2020. Zaidi ya hapo, kimya.

Farmville ninayotaka kuizungumzia leo ni mji mdogo katika jimbo la Virginia, makao ya kaunti ya Prince Edward. Ni eneo lililoishi kwa tumbaku miaka mingi, na wakazi wa mji hawafiki hata elfu kumi. Mahali Main Street inapokutana na barabara ya Griffin pana jengo la matofali lisilo na ghorofa, lenye madarasa manane na ukumbi mmoja. Ukipita na gari lako unaweza usiligeukie hata mara moja. Siku hizi ni makumbusho. Zamani lilikuwa Sekondari ya Robert Russa Moton, shule ya watoto Weusi, na kutoka ndani ya ukumbi ule ilitoka kesi moja kati ya zile tano zilizounganishwa na kuitwa Brown.

Mimi ugali wangu unatokana na kuandika habari, na habari za mahakamani zimo. Habari ya mahakamani ina kawaida yake: hukumu inasomwa, aliyeshinda anapigwa picha akitabasamu kwenye ngazi, aliyeshindwa anasema atakata rufaa, gazeti linakwenda mtamboni. Jengo hili la Farmville limenivutia kwa sababu linasimulia kile kinachokuja baada ya picha ile ya kwenye ngazi. Na kilichokuja pale, ndugu zangu, ni kitu ambacho vitabu vingi vinakipa mistari miwili tu.

Tuanze na shule yenyewe.

Robert Russa Moton alikuwa Mmarekani Mweusi aliyezaliwa mwaka 1867 na kukulia kaunti hiyo hiyo ya Prince Edward. Ndiye aliyemrithi Booker T. Washington kuongoza chuo cha Tuskegee kuanzia mwaka 1915 hadi 1935. Kwa hiyo kuipa shule jina lake ilikuwa heshima kwa mtoto wa nyumbani. Lakini heshima iliishia kwenye jina. Hata hiyo shule yenyewe isingekuwepo kama si kina mama. Tangu mwaka 1920 kulikuwa na umoja wa wanawake Weusi wa Farmville, Martha E. Forrester Council of Women, ambao walichangishana fedha na kuisumbua bodi ya shule miaka nenda miaka rudi ili watoto wao wapate madarasa ya juu kama wenzao. Tafadhali wakumbuke kina mama hawa, tutakutana nao tena mbele.

Jengo lilifunguliwa mwaka 1939. Lilikusudiwa wanafunzi 180. Halikuwa na bwalo la chakula wala ukumbi wa michezo. Kufika mwaka 1950 wanafunzi walikuwa wamepita 450. Unawaweka wapi? Madarasa mawili matatu yalifundishwa kwa pamoja ndani ya ukumbi, kila mwalimu akipaza sauti kumshinda mwenzake. Darasa jingine liliwahi kufundishwa ndani ya basi. Wazazi walipoiomba bodi ijenge shule mpya, bodi ilikuja na jawabu la bei rahisi mwishoni mwa miaka ya 1940: vibanda vya mbao vilivyofunikwa kwa karatasi nzito zilizopakwa lami. Mvua ikinyesha vinavuja, na wapo waliosoma wakiwa wamefungua miamvuli. Wakati wa baridi kulikuwa na jiko moja la kupashia joto. Aliyekaa karibu nalo anatoka jasho, aliyekaa mbali anaandika akiwa ndani ya koti. Wapita njia walidhani ni mabanda ya kuku.

Najua wewe uliyesoma shule ya kata unatabasamu. Kukaa wanne kwenye dawati moja au kusomea chini ya mwembe si hadithi ya ajabu kwetu. Ila tofauti ni hii: katika mji ule ule, kwa kodi ile ile, watoto wa Kizungu walikuwa na shule ya matofali yenye bwalo na ukumbi wa michezo. Mabasi ya Moton yalikuwa yale ambayo shule ya Wazungu imeyachoka. Sheria ya wakati huo, iliyotokana na hukumu ya mwaka 1896, ilisema kutenganisha watu ni halali mradi huduma ziwe sawa. Neno "sawa" lilikuwa la mapambo.

Hapo ndipo anapoingia binti mmoja wa miaka 16 anayeitwa Barbara Rose Johns. Kwa nje alikuwa mpole, mpenda vitabu. Lakini alitoka kwenye ukoo wa watu wenye ndimi kali: ami yake, Mchungaji Vernon Johns, ndiye aliyekuwa akihubiri katika Kanisa la Dexter Avenue kule Montgomery kabla halijakabidhiwa kwa kijana anayeitwa Martin Luther King. Asubuhi moja Barbara alikosa basi la shule. Akiwa kasimama barabarani akisubiri lifti, basi la watoto wa Kizungu likampita, viti vingi vikiwa vitupu. Halikusimama. Barbara mwenyewe aliandika baadaye kwamba siku ile ndipo alipokata shauri.

Alikuwa ameshamlalamikia mwalimu wake wa muziki, Inez Davenport, kuhusu hali ya shule. Mwalimu akamjibu kwa swali: kwa nini usifanye jambo? Hebu fikiri, mwalimu wa kike Mweusi, mwajiriwa wa bodi ile ile, katika Virginia ya mwaka 1950, anamwambia mwanafunzi maneno hayo. Barbara akakusanya wenzake wachache, akiwemo John Stokes wa darasa la mwisho, wakakutana kwa siri kwa miezi. Walitumia kwanza njia za kistaarabu. Walihudhuria vikao vya bodi pamoja na wazazi. Bodi iliwapiga danadana, mwishowe ikawaambia wasihangaike kuja tena, wataarifiwa.

Tarehe 23 Aprili 1951, simu ililia ofisini kwa mwalimu mkuu, Boyd Jones. Sauti ikamwambia kuna wanafunzi wake wako matatani na polisi kule kituo cha mabasi, aende haraka. Mzee akachukua koti, akatoka mbio. Alipoondoka tu, vikaratasi vikapita darasa hadi darasa vikiita wote ukumbini, chini yake pameandikwa herufi J, kama ambavyo mwalimu mkuu alizoea kusaini. (Na Johns pia huanza na J, hivyo sijui kama hata ule tunaweza kuuita uongo kamili!) Wanafunzi wakaingia, walimu wakaingia. Pazia la jukwaa likafunguliwa. Badala ya mwalimu mkuu, pale amesimama Barbara.

Aliwaomba walimu watoke. Baadhi walisita. Akavua kiatu, akakigonga mezani, wakatoka. Kisha akazungumza na wenzake kuhusu vibanda na mabasi, na akawaambia wanatoka nje siku hiyo na hawarudi mpaka wajengewe shule. Kuna aliyeuliza kama hawatakamatwa. Hesabu ilikuwa imeshapigwa: jela ya Farmville ni ndogo mno, haiwezi kuwatosha watu 450. Wakatoka wote.

Mgomo ulichukua wiki mbili. Barbara na mwenzake waliandika barua kwa mawakili wa NAACP mjini Richmond, chama kilichokuwa kikitetea haki za Weusi. Mawakili wawili, Oliver Hill na Spottswood Robinson, walifika Farmville tarehe 25 Aprili, na nia yao ilikuwa kuwaambia watoto warudi darasani. Walikutana nao kanisani kwa Mchungaji L. Francis Griffin, wakaona nidhamu ile, wakabadilisha mawazo. Ila walitoa sharti moja zito. Hawatafungua kesi ya kudai jengo jipya la Weusi. Watafungua kesi ya kudai ubaguzi wenyewe ufutwe.

Naomba usipite haraka hapa. Watoto walidai paa lisilovuja. Watu wazima wakawaambia: dai kubwa zaidi, au tusiende kabisa. Wazazi walipaswa kuamua kama wataweka majina ya watoto wao kwenye karatasi ambayo kila mwajiri wa Kizungu, kila mwenye duka anayekopesha na kila afisa wa benki ataisoma. Wakaamua. Tarehe 23 Mei 1951, mwezi mmoja kamili baada ya mgomo, kesi ilifunguliwa kwa majina ya wanafunzi 117. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa msichana wa miaka 14, Dorothy Davis, ndiyo maana inaitwa Davis dhidi ya Bodi ya Shule ya Kaunti ya Prince Edward.

Mwaka 1952 walishindwa katika mahakama ya majaji watatu huko Richmond. Rufaa ikaunganishwa na kesi kutoka Kansas, South Carolina, Delaware na mji mkuu Washington. Kesi ya Kansas ilitangulia kwenye orodha, basi jina la Brown likabaki kwenye vitabu. Lakini karibu robo tatu ya walalamikaji wote katika kesi zile walitoka Farmville, na ni kesi hii peke yake iliyoanzishwa na wanafunzi wenyewe.

Gharama zilianza kulipwa kabla hata ya hukumu. Msalaba ulichomwa moto kwenye uwanja wa shule. Kibarua cha mwalimu mkuu Jones kiliota nyasi. Wazazi wa Barbara, wakihofia uhai wake, walimpeleka Montgomery kwa ami yake akamalizie masomo huko, na baadaye nyumba ya familia yao iliteketea. Bodi nayo ikagundua ghafla kwamba fedha zipo: mwaka 1953 Weusi walifunguliwa shule mpya kubwa, yenye kila kitu, kwa matumaini kwamba kesi itakosa miguu. Walichodai siku ya mgomo walikipata. Ila bado ilikuwa shule ya Weusi peke yao.

Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa walikubaliana: ubaguzi wa shule ni kinyume cha katiba. Hapa ndipo picha ya kwenye ngazi hupigwa, na hapa ndipo wengi wetu tulipofundishwa kuweka nukta.

Sasa endelea na mimi.

Wanasiasa wa Virginia, wakiongozwa na Seneta Harry Byrd, walitangaza kuipinga hukumu kwa nguvu zote za jimbo. Miji kama Norfolk na Charlottesville ilifunga baadhi ya shule zake mwaka 1958, ikazifungua mwaka uliofuata mahakama zilipokuja juu. Prince Edward ilikwenda mbali kuliko wote. Mwaka 1959, mahakama ilipoiamuru ichanganye watoto, baraza la kaunti lilikaa likaamua jambo rahisi sana: kutotenga fedha yoyote kwa ajili ya elimu. Hata senti moja. Hapana fedha, hapana shule, kwa hiyo hapana pa kuchanganya mtu yeyote. Septemba ilipofika, shule zote za umma za kaunti nzima zilikuwa zimefungwa. Zikabaki hivyo miaka mitano.

Watoto wa Kizungu walifunguliwa shule binafsi, Prince Edward Academy, ikiendeshwa kwa michango, kisha kwa ruzuku za jimbo na punguzo la kodi la kaunti. Wazungu maskini ambao hawakumudu walibaki nje, na Wazungu wachache waliothubutu kupinga, kama Gordon Moss, profesa wa historia katika chuo cha mji huo, walitengwa na majirani. Kwa watoto Weusi wapatao 1,700 hakukuwa na chochote. Yaani mtoto wa miaka sita aliyekuwa tayari kuanza darasa la kwanza mwaka 1959 alikaa nyumbani mpaka akawa na miaka kumi.

Familia ziligawanyika. Wapo waliopelekwa kwa shangazi na wajomba majimbo mengine. Wapo waliochukuliwa na familia za Waquaker, wakaishi na watu wasiowajua ili wamalize sekondari. Wapo waliovushwa mpaka wa kaunti alfajiri, wakadanganya anwani. Makanisa yaliwakusanya wadogo kwenye vyumba vya chini wasisahau kabisa kusoma. Na wapo wengi waliokwenda shambani kwenye tumbaku, na hawakurudi darasani tena maishani.

Msomaji wa Dar au Nairobi anayedhani mambo haya ni ya mbali asikilize hili. Septemba hiyo hiyo ya 1959, ndege iliruka kutoka Nairobi na vijana 81 waliopata nafasi katika vyuo vya Marekani. Ule ndio mwanzo wa safari zilizoandaliwa na Tom Mboya, kwa michango ya Wamarekani wakiwemo Harry Belafonte, Sidney Poitier na Jackie Robinson. Vijana wetu wanashuka Marekani kutafuta elimu, na mwezi huo huo mtoto Mweusi aliyezaliwa Marekani, mwenye uraia wa Marekani, anakuta mnyororo kwenye geti la shule yake. Kisha Januari 1962, Tanganyika ikiwa na mwezi mmoja tu wa uhuru, sheria mpya ya elimu ilianza kazi na kuondoa ule mgawanyo wa kikoloni wa shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Farmville walikuwa mwaka wa tatu wa kufuli.

Na yupo mtu mmoja anayefunga kamba kati ya huku na kule: Thurgood Marshall, aliyeongoza jopo la mawakili wa NAACP katika kesi ya Brown. Mwaka 1960 alikuja Kenya, kisha akaenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuwashauri wajumbe wa Kiafrika. Akaandika rasimu ya haki za raia kwa ajili ya katiba ya Kenya, na rasimu ile iliwalinda pia walio wachache, maana yake walowezi wa Kizungu na Wahindi. Wakati anawaandikia Wazungu wa Kenya kinga, watoto aliowashindia kesi kule Virginia walikuwa mwaka wa kwanza bila shule. Sijui kama alilala vizuri London.

Farmville haikulala. Mchungaji Griffin aliendelea na kesi nyingine, safari hii mbele kabisa likiwa jina la mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1963 vijana waliandamana mitaani kiangazi kizima. Serikali ya Kennedy ikaona aibu, na Septemba mwaka huo shule za bure zikafunguliwa kwa michango binafsi, kwa mwaka mmoja. Hatimaye tarehe 25 Mei 1964 Mahakama ya Juu ikatamka kwamba kaunti haiwezi kufunga shule za umma ili kukwepa katiba huku ikizisaidia shule za Wazungu. Kufuli zikafunguliwa. Miaka kumi na wiki moja baada ya ushindi.

Na lile jengo la mwaka 1939? Baada ya sekondari kuhamia shule mpya mwaka 1953, lilitumika kama shule ya msingi, likafungwa pamoja na nyingine, likafunguliwa tena, likatumika hadi miaka ya 1990. Lilipomaliza kazi, kaunti ilitaka kuliuza. Kiwanja kipo mahali pazuri, kwenye njia panda, na mnajua wenyewe kiwanja cha njia panda kinavyonukia kwa wafanyabiashara. Hapo ndipo tunakutana tena na kina mama wa Martha E. Forrester Council. Mabinti na warithi wa wale waliochangishana ili shule ijengwe wakaanza kuchangisha ili isibomolewe. Mwaka 1998 jengo liliingizwa kwenye orodha ya alama za kihistoria za taifa, na tarehe 23 Aprili 2001, miaka hamsini kamili tangu Barbara avue kiatu, likafunguliwa kama makumbusho.

Makumbusho mengi hukusanya vitu kutoka kwingine na kuviweka kwenye kabati la kioo. Hapa kitu chenyewe ni chumba. Ukumbi ni ule ule, na jukwaa ni lile lile. Mgeni huanzia hapo, kisha anapita darasa hadi darasa, na maonyesho ya kudumu yaliyokamilika mwaka 2013 hayaishii kwenye hukumu ya 1954. Yanakwenda hadi 1964. Habari za kufuli nazo zimo.

Hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi. Ingekuwa rahisi sana kutengeneza makumbusho ya ushindi. Binti shujaa, majaji tisa, makofi, duka la fulana mlangoni. Mji mdogo unapenda watalii na haupendi kuumbuliwa. Lakini wazee wanaoishi mitaa ya jirani ni wale wale waliokaa nyumbani miaka mitano. Ukisimulia nusu, watainuka wakuulize nusu nyingine umeiweka wapi. Mwaka 2003 kaunti iliwapa vyeti vya heshima vya kumaliza shule, watu waliokwishakuwa na wajukuu. Mwaka 2004 jimbo la Virginia likaanzisha mfuko wa kuwasomesha wale waliokoseshwa shule. Mwaka 2008 baraza la kaunti likakiri kosa kwa azimio, na taa ikawashwa kwenye mnara wa jengo la mahakama ya Farmville kama ishara ya kupatana. Vyote ni vizuri. Lakini cheti cha heshima hakikufundishi kusoma, na mtu wa miaka hamsini hawezi kurudishiwa umri wa miaka sita. Mahakama inaweza kukupa haki yako. Muda haiwezi kukurudishia, na walioulipa muda huo ni watoto wale wale walioileta kesi, pamoja na wadogo zao.

Barbara Johns aliishi maisha ya kimya. Aliolewa na mchungaji, akawa mkutubi Philadelphia, akazaa watoto watano, akafariki mwaka 1991, miaka kumi kabla makumbusho hayajafunguliwa. Kila jimbo la Marekani lina haki ya kuweka sanamu mbili ndani ya jengo la Bunge kule Washington. Moja ya sanamu za Virginia ilikuwa ya Jenerali Robert E. Lee, aliyeongoza jeshi la majimbo yaliyopigania utumwa, na ambaye Aprili 1865 alipita hapo hapo Farmville akikimbia, siku mbili kabla ya kusalimu amri. Sanamu ya Lee iliondolewa Desemba 2020. Desemba 2025 mahali pake ikasimamishwa ya msichana wa miaka 16.

Nimefurahi, nani asingefurahi? Ila nikiambiwa nichague kimoja kibaki, sanamu ya Washington au ule ukumbi wa Farmville, nachagua ukumbi. Sanamu inakuonyesha mtu mmoja. Ukumbi unakuonyesha nafasi waliyobanana watu 450, mlango waliotokea, na dirisha ambalo nje yake vilikuwepo vibanda. Anayetaka kubishana na historia ile inabidi abishane na kuta.

Hapa kwetu majengo ya shule za zamani tunayapaka rangi mpya kila wakija viongozi, au tunayavunja tupate fremu za maduka. Sisemi kila darasa bovu liwe makumbusho, tutakosa pa kusomea. Nauliza tu: shule uliyosoma wewe, nani aliwahi kusimama humo akakataa? Nani alifukuzwa, na kwa sababu gani? Kama yupo mzee wa mtaa anayejua, nenda kamuulize wikiendi hii, na uandike anachokwambia. Uandike mpaka mwisho, usiishie pale mlipopiga makofi.